Jina la Gale mara 42

Jumamosi iliyopita tuliangalia tena The Hunger Games, hapa Katuba, uani kwa jirani mwenye projekta. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, watoto wakakaa mbele kwenye mikeka, sisi wakubwa nyuma kwenye viti vya plastiki, na umeme, Mungu asifiwe, haukukatika dakika zote 142. Ilikuwa na sauti ya Kifaransa, kama filamu nyingi zinazotufikia Lubumbashi, mji wetu wa shaba huku Kongo. Filamu ilitoka mwaka 2012. Kitabu chake, cha Suzanne Collins, kilitoka mwaka 2008, nami nilikipata nikiwa nimeshaiona filamu mara mbili. Tangu nikisome, siwezi tena kuitazama filamu ile kwa amani.

Kwa asiyeijua hadithi: nchi inaitwa Panem. Ina mji mkuu wa matajiri, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha. Kila mwaka kila wilaya inatoa kwa kura ya majina mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18, watoto 24 kwa jumla, wakauane mpaka abaki mmoja, na nchi nzima inalazimishwa kutazama. Katniss Everdeen ni wa Wilaya ya 12, wilaya ya makaa ya mawe. Baba yake alikufa mgodi ulipolipuka.

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa Wilaya ya 12 ni nini. Tumekua tukiliangalia mumbunda, lile bomba refu la moshi, na mlima mweusi wa masalio ya shaba ulio kando yake. Kwa hiyo mwanzo wa filamu ulinishika mara ya kwanza, na Jumamosi umenishika tena. Mwongozaji, Gary Ross, amefanya vizuri sana pale kwenye uwanja wa kuchagua majina. Hakuna muziki. Watoto wamevaa nguo zao safi za siku moja, wanachomwa kidole, tone la damu linabandikwa kwenye karatasi, wanapanga mstari. Uso wa Jennifer Lawrence, anayeigiza Katniss, wakati jina la mdogo wake linasomwa, sijui mwigizaji mwingine angeufanyaje vizuri zaidi. Watoto waliokuwa mikekani walinyamaza wote. Hata yule mdogo wa jirani, ambaye hanyamazi kanisani, alinyamaza.

Kinachoniuma ni unga.

Katika kitabu, mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia kwenye kura mara moja, akifika 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi mara saba akiwa na 18. Hapo watoto wote ni sawa. Lakini mwenye njaa anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila nyongeza anapewa nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, tena kwa shida. Anaweza kuongeza kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mtu wa nyumbani kwao. Na majina hayafutwi, yanajumlishwa mwaka hadi mwaka. Katniss amekuwa akichukua ya watu watatu, yeye, mama yake na mdogo wake, tangu ana miaka 12. Sasa ana 16, na jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale ana 18, nyumbani kwao ni watu watano. Mara saba zake mwenyewe, na tano kila mwaka kwa miaka saba: 42.

Hesabu hiyo ndiyo kitabu chenyewe. Inasema nani atakufa na kwa nini. Binti wa meya, Madge, hajawahi kuongeza hata mara moja, kwa sababu kwao wanakula. Kwenye kitabu Gale anamkasirikia waziwazi asubuhi ya siku ya kura, maana yeye Gale alipokuwa na miaka 12 tu jina lake lilikuwa limeshaingia mara sita. Filamu imemwondoa Madge kabisa. Ile pini ya ndege ambayo yeye ndiye anayempa Katniss, kwenye filamu inapatikana sokoni kwa mama mmoja mchuuzi. Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi naona alipoondoka binti wa meya, umaskini wa Wilaya ya 12 ukawa kama hali ya hewa, kitu kilichowanyeshea wote sawasawa.

Sisemi filamu imenyamaza kabisa. Gale anaitaja 42 yake, na Katniss, aliyejitolea kwenda badala ya mdogo wake, anapoagana naye anamkataza kuchukua chakula cha ziada. Maneno machache, yanapita mbio. Mfuko wa nafaka wenyewe hatuuoni. Hatumwoni mtoto akiandikisha jina. Na Collins mwenyewe alishiriki kuandika mswada wa filamu, ndiyo maana inaniuma zaidi.

Nyumbani kwetu tulijua jina la mtoto lina uzito gani wa unga. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na posho ilitolewa kwa kuhesabu watu: mke, na watoto walioandikwa kwenye karatasi yake. Mama alikuwa akienda kupanga mstari na mfuko mtupu kichwani. Mtoto akizaliwa, baba alikimbia kuandikisha. Nakumbuka mama akipima unga wa bukari, ugali wetu, na kusema, huu ni wa yaya, yaani kaka yangu mkubwa, huu ni wako, huu ni wa mtoto, kana kwamba majina yetu yalikuwa ndani ya mfuko. Kisha kazi ikafa na posho ikaisha. Yaya akaacha shule akaenda upande wa Kolwezi kuchimba. Alikuwa na miaka 17.

Juni 2019 udongo uliporomoka kwenye machimbo ya Kolwezi na kufukia wachimbaji wengi. Walikufa makumi ya watu. Yaya hakuwepo siku ile. Kwenye matanga niliyohudhuria kila mtu alisema saa yao ilikuwa imefika. Nilikubali kwa mdomo, kwa heshima ya wafiwa. Lakini moyoni nilikuwa nahesabu kila mmoja wao ameshuka shimoni mara ngapi, na kwao wanakula watu wangapi.

Jirani yangu, ambaye anapenda sinema kuliko mimi, ananipinga. Anasema kitabu kina nafasi ya hesabu, filamu haina, watu wamekuja kuona mshale unaruka. Simkubalii. Meza moja ingetosha, na mizani, na mtoto wa miaka 12 anatia kidole kwenye karatasi huku mama yake ameinama akifunga mfuko. Sekunde 20. Kwenye msitu wanakouana kuna dakika nyingi za kamera inayotikisika ambazo zingeweza kutoa sekunde 20.

Hata mkate wa Wilaya ya 11 wameuondoa. Rue, mtoto wa miaka 12 aliyeungana na Katniss msituni, anakufa, na kwenye kitabu watu wa wilaya yake, ambao wenyewe hawashibi, wanamtumia Katniss mkate. Filamu imeweka ghasia mahali pake. Ghasia zile zimepigwa picha vizuri, nakiri. Ila mkate ule ulinitoa machozi.

Filamu ilipoisha watoto walianza kubishana kama Katniss amchukue Peeta, mvulana aliyechaguliwa pamoja naye, au Gale, na nani ana shabaha. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Yaya, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa karibu na ukuta, hakuwa amesema neno usiku wote. Akaniita pembeni.

“Sasa ule kijana, jina yake iliingia mara makumi ine na mbili juu ya nini?”

Nikamweleza hesabu yote, saba zake, na tano kwa miaka saba, mama yake na wadogo zake watatu. Alisikiliza huku akihesabu kwa vidole. Akakaa kimya kidogo.

“Na kila jina,” akaniuliza, “kilo ngapi?”