Watalii Wakikatika, Mpagazi wa Mlima Kenya Ategemee Nani?

Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi uliokuwa umeangushwa na korona. Utalii ulitengewa bilioni 2, zikiwa za kukarabati majengo na kuzipa hoteli na biashara nyingine za sekta hiyo mikopo nafuu. Mpagazi wa Naro Moru au Chogoria, miji iliyo chini ya Mlima Kenya, hakuwa na hoteli ya kukarabati. Hata karatasi ya kumwonyesha afisa wa mikopo kwamba amewahi kufanya kazi, wengi wao hawakuwa nayo.

Watalii wamerudi, na jambo hili limeachwa lilivyokuwa.

Safari nyingi za Mlima Kenya huuzwa hapa Nairobi. Mteja wa ng'ambo hulipa amana mapema, aghalabu kwa dola. Mpagazi hulipwa kwa siku alizobeba mzigo, na hesabu yake hufungwa kundi likishashuka hadi langoni, pamoja na bakshishi kama ipo. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa Machi 25, 2020, mwenye kampuni alikuwa na la kujadiliana na mteja: kurudisha amana au kusogeza tarehe. Mpagazi hakuwa na la kujadili, kwa sababu siku zake za kazi zilikuwa bado hazijaanza. Simlaumu mwenye kampuni moja kwa moja. Naye alikuwa na kodi ya ofisi na magari ya mkopo. Lakini mpango mzima umejengwa hivi kwamba hasara ikija humwangukia kwanza aliye chini kabisa.

Wanaopinga msaada maalumu kwa wapagazi wana hoja, tena si nyepesi. Mpagazi ni kibarua, wanasema, na vibarua ni wengi. Fundi wa mjengo Kayole alikaa nyumbani, mama mboga akafunga kibanda mapema kwa sababu ya kafyu. Kwa nini wa mlimani atangulizwe? Tena wengi wa mlimani wana shamba. Hili la shamba nalikubali nusu. Robo ekari ya viazi hulisha nyumba, ila karo na bili ya hospitali zilikuwa zikitoka mlimani. Kuhusu mama mboga, tofauti ninayoiona ni hii: mteja wake yuko mtaani, na kafyu ikilegezwa anarudi jioni hiyo hiyo. Mteja wa mlimani hukatishwa na mambo yaliyo mbali kabisa na mlima. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalimfukuza. Maonyo ya usafiri ya Uingereza na mataifa mengine, baada ya mashambulizi ya kigaidi, yakamzuia tena 2014. Kisha ikaja korona. Balaa inayorudi namna hiyo si ajali tena, ni sehemu ya kazi, na inafaa kuwekewa akiba kabla haijafika.

Kuna wanaosema hisani inatosha, kwamba wateja wa zamani wakisikia shida hutuma pesa. Wapo waliotuma, na Mungu awabariki. Ila tazama hisani hiyo inavyosafiri. Mwongozaji hutembea na mgeni bega kwa bega, humsimulia habari za vilele vya Batian na Nelion, na wakiagana hubadilishana namba. Mpagazi huondoka kambini na mzigo mgongoni kabla mgeni hajamaliza chai, ili afike mbele kuandaa hema. Mgeni humkumbuka kwa tabasamu, jina halijui. Pesa zikitumwa zinamfikia mwongozaji, na kinachoshuka zaidi ya hapo kinategemea moyo wake.

Chama cha kuchangiana nacho kina kikomo chake. Changa-changa huokoa mtu mmoja anapolazwa, kwa kuwa wenzake kumi na tisa wanafanya kazi. Siku ambayo wote ishirini wamekosa kazi kwa pamoja, kila mmoja anataka kutoa na hakuna wa kuweka. Ndiyo maana sioni njia bila pesa kutoka nje ya chama: tozo ndogo kwa kila anayepanda, ikiongezewa fungu kutoka Hazina ya Utalii, ambayo tayari hukusanya asilimia 2 kutoka hoteli na mikahawa. Kila safari ikiingia langoni, majina ya wapagazi na waongozaji yaandikwe pamoja na ya wageni, na siku zao zihesabiwe. Daftari hilo ndilo lingekuwa ile karatasi waliyoikosa 2020.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la wizi. Tumekatwa makato mengi nchini ambayo mwenye haki hakuyaona. Kwa hiyo nisingetaka pesa hizi zikae wizarani. Ziwe kwenye sacco ya waongozaji na wapagazi wenyewe, hesabu zibandikwe langoni, na zisiguswe mpaka idadi ya wapandaji ishuke chini ya nusu ya kawaida ya msimu huo.

Nasi wa Nairobi, tunaojazana matatu za Nanyuki wikendi kwenda kupanda kilele cha Point Lenana, tusiombe kusamehewa tozo hiyo kwa kuwa ni wenyeji. Tunabishania bei ya mpagazi hadi shilingi ya mwisho, halafu tukichoka tunamwongezea mkoba mmoja juu ya ule aliokubali.

Linalobaki gumu ni kugawa. Ukilipa kwa hesabu ya siku, mkongwe atapata kingi na kijana aliyeanza mwaka jana ataambulia kidogo, ilhali njaa yao ni moja. Mimi ningelipa miezi miwili ya kwanza sawa kwa wote walio kwenye daftari, kisha hesabu ya siku ianze. Wakongwe watalalamika, na wana haki ya kusikilizwa kabla kanuni haijaandikwa.