Kufunga setingi kwenye kompyuta ya wote: hoja ipo, ila wengi tunafunga visivyo

Kompyuta yoyote inayoshikwa na watu wengi, iwe ya steshenari, ya maabara ya shule au laptopu ya nyumbani, itafika siku mwenye nayo atachoka. Anawasha asubuhi anakuta lugha imegeuzwa Kifaransa, skrini imelala ubavu, antivairasi ziko mbili zinagombana na brauza imejaa vitufe ambavyo hakuna aliyekubali kwamba yeye ndo kaviweka. Hapo anaapa kwamba leo anafunga kila kitu, anatafuta maelekezo mtandaoni, anakuta namna ya kuzuia Control Panel, ile sehemu ya setingi za Windows, anafuata hatua, anawasha upya na anajisikia yuko salama. Kwa upande mmoja yuko sahihi kabisa, kwa upande mwingine kajitengenezea tatizo lingine, na hizi pande mbili watu huwa hawaziweki mezani pamoja.

Tuanze na wanaotaka kufunga maana hoja yao sio ya ubahili. Tangu 1975 wataalamu wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yale tu yanayomtosha kumaliza kazi yake, basi, na mpaka leo watu wa usalama wa kompyuta wanaisimamia hiyo. Windows za nyumbani zilichelewa sana kuifuata. Windows XP iliyotoka 2001, akaunti unayotengeneza wakati wa kuiweka ilikuwa ni admini, yaani msimamizi wa mashine, moja kwa moja, kwa hiyo nchi nzima tulikuwa tunatembea na mamlaka yote ya mashine mkononi, na kila vairasi aliyeingia na flashi alipata mamlaka yale yale. Vista ilipokuja 2007 ikaleta kile kidirisha cha kukuuliza una uhakika au la, kikauliza mpaka watu wakakichukia wakakizima, ikabidi Windows 7 ya 2009 ipunguze maswali. Hiyo hadithi peke yake inatosha kuonyesha ugumu wa hii kitu, ukilegeza sana mashine inaoza, ukikaza sana watu wenyewe wanatafuta pa kupenya.

Sasa ukimpa mteja wa steshenari akaunti ya kawaida badala ya admini unapata nini? Hawezi kuweka programu inayogusa mashine nzima, hawezi kuzima ulinzi wa Windows, hawezi kubadilisha paswedi ya akaunti nyingine wala kufungua mafaili ya akaunti nyingine kirahisi. Akibofya ujinga, ujinga ule kwa kawaida unaishia kwenye akaunti yake, unaifuta, unatengeneza mpya, kazi inaendelea. Kwa mtu ambaye fundi akija tu lazima atoe hela hata kama tatizo ni la dakika tano, hiyo ni faida ya wazi. Ila tusidanganyane kwamba ni kinga ya kila kitu, wale vairasi wa kugeuza mafolda kuwa shotikati kwenye flashi wanafanya kazi yao vizuri tu bila uadmini, na programu za kufunga mafaili ili ulipe nazo hazihitaji kuwa admini kuharibu mafaili yako wewe mwenyewe, zinatumia ruhusa uliyonayo.

Upande wa pili sasa. Chukua mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa steshenari ya karibu na chuo anaujua. Betri ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta, ile CR2032 ya duara, ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Mteja anakuja kujaza fomu ya mkopo, brauza inamwambia muunganisho sio salama, kwa sababu kwa hesabu ya kompyuta cheti cha usalama cha ile tovuti bado hakijaanza kutumika.

"Dada, mbona haifunguki? Leo ndo siku ya mwisho."

"Kaka tarehe imerudi nyuma, na kuibadilisha lazima paswedi ya bosi. Bosi yuko Morogoro, simu haipatikani."

Kwenye Windows akaunti ya kawaida hairuhusiwi kubadilisha saa wala tarehe, inaruhusiwa kubadilisha ukanda wa saa tu. Na katazo lina sababu, mtu akichezea saa kumbukumbu za nani kafanya nini lini zinavurugika, programu za leseni zinachanganyikiwa, kwa hiyo Microsoft hawakukosea. Matokeo yake mtaani ni kwamba dada wa watu anahangaika na ukanda wa saa, anahamisha kompyuta kwenda nchi nyingine akidhani atapona, saa ikipotea kwa masaa machache inaonekana imekaa sawa usoni wakati ndani bado ni mbovu, na ikipotea kwa miaka hata usoni haikai. Dawa ni betri, ya bei ndogo, hata kwa mafundi saa unaipata, lakini mpaka ije kubadilishwa kuna wateja wameshaondoka na wengine wamechelewa dedilaini.

Printa nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 kuligundulika kasoro mbaya kwenye huduma ya uchapaji ya Windows, ikaitwa PrintNightmare, na Agosti ya mwaka huo Microsoft wakaamua kwamba kuweka draiva ya printa (programu inayoiwezesha Windows kuitumia printa) inayotoka kwenye seva ya mtandao iwe kazi ya admini peke yake. Kwa usalama, safi sana. Kwa ofisi yenye printa moja inayotumiwa na watu wote na admini mmoja ambaye yuko likizo, ilikuwa ni mateso, na wengine wakatafuta namna ya kuirudisha ilivyokuwa, maana yake tundu likabaki wazi na lawama zikawa palepale.

Halafu kuna hili ambalo linanichekesha kidogo. Malalamiko makubwa ya wenye steshenari ni kwamba wateja "wanabadilisha printa". Wakati mwingine hakuna mteja aliyegusa! Windows 10 ina kipengele kinachofanya printa ya mwisho kutumika mahali pale ndo iwe printa kuu, kwa hiyo mtu akichapa kazi yake kwenda "Microsoft Print to PDF" mara moja, anayefuata akichapa karatasi haitoki, na kila mtu anamtazama aliyetoka sasa hivi. Kukizima unaingia kwenye Settings, upande wa printa. Yaani ukifunga Settings bila kukizima kwanza, umefungia ugonjwa ndani na dawa pamoja.

Na hapo ndo nafika kwenye kitu kinachonisumbua kwenye maelekezo mengi ya kufunga. Njia maarufu ni moja, unaingia gpedit, programu ya Windows ya kupanga sera za kompyuta, unawasha sera ya kukataza Control Panel na Settings, au kama una Windows Home ambayo haina gpedit unaingia kwenye rejistri, ghala la setingi za ndani za Windows, unaandika NoControlPanel unaipa thamani ya moja. Ni nyundo kubwa mno. Anayefungiwa hivyo anakutana na ujumbe kwamba alichotaka kufanya kimesitishwa kwa sababu ya vizuizi, awasiliane na msimamizi wa mfumo, msimamizi mwenyewe ndo yule wa Morogoro. Na kinachofungwa sio setingi za hatari tu. Mtu wa mkono wa kushoto hawezi kugeuza vitufe vya mausi, mzee asiyeona vizuri hawezi kukuza maandishi kwenye Settings, atabaki na ile kioo cha kukuzia ya kubonyeza kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha kama kuna mtu wa kumwambia. Hivi vitu havimuharibii mtu mwingine yeyote kama kila mtu ana akaunti yake, vinakaa kwenye akaunti ya mhusika. Vinageuka kero kwa sababu sisi tunawapa watu wote akaunti moja, halafu tunashangaa kwamba wanaingiliana.

Na kuna mtego, wengi wanaingia. Hiyo sera ya gpedit ukiiwasha hivi hivi kwenye kompyuta isiyo na seva inamkamata kila anayeingia, admini akiwemo. Mtu anafunga akidhani anawafungia wengine kumbe kajifungia na yeye. Kuanzia Vista kuna namna ya kuelekeza sera kwa wasio maadmini peke yao, unafungua mmc, dirisha la zana za usimamizi wa Windows, unaongeza kile kipande cha Group Policy na unachagua kundi la wasio maadmini, dakika chache tu, ila maelekezo mafupi huwa yanairuka. Na tangu 2017 kuna sera nyingine ndani ya Windows 10 inayokuruhusu kuchagua ukurasa gani wa Settings uonekane na upi ufichwe, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuzima nyumba nzima kwa sababu ya taa moja.

Wanaopinga kufunga kabisa nao wana hoja yao ya nguvu, kwamba bila vitu vingine hii ni pazia tu. Mtu mwenye flashi ya Linux akiiwasha kompyuta kutokea kwenye flashi, kama BIOS, ile programu inayoanza kabla ya Windows, haina paswedi na diski haijasimbwa kwa BitLocker ya Windows au mfano wake, anasoma mafaili yote na sera zako za Windows hazijui hata kama alikuja. Ni kweli. Lakini sioni kama inaua hoja ya kufunga, maana wanaoharibu kompyuta za steshenari kwa kawaida sio hao, ni watu wa kawaida wenye haraka wanaobofya ndiyo kila kinapotokea kidirisha. Kwa hao akaunti ya kawaida inatosha.

Kinachoniuma zaidi ni ambacho kufunga setingi hakigusi kabisa. Nenda kompyuta ya steshenari yoyote ufungue folda ya Downloads, utakuta vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, vyeti vya form four, barua za kazi, CV zenye namba za simu, mali ya watu ambao walishasahau. Fungua brauza utakuta barua pepe ya mtu bado iko wazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, sasa mwenye kompyuta kajipigia kufuli Control Panel ili wallpepa isibadilishwe na vitambulisho vya wateja viko hadharani. Mashine inalindwa dhidi ya mteja, mteja halindwi dhidi ya mteja mwenzake, wala dhidi ya mwenye mashine, kwa sababu admini anaweza kuona vyote.

Kwenye maabara za shule mizani inabadilika kidogo. Mwanafunzi anayesoma kompyuta bila kuruhusiwa kuweka programu, kubadilisha anwani ya mtandao au kuvuruga kitu akakirudisha, anajifunza kutazama. Mwalimu naye ana mashine chache na vipindi vimepangana, akivurugiwa saa mbili asubuhi darasa la saa tatu halina pa kukaa, namuelewa sana. Kwa maabara mimi niko upande wa kuacha wazi na kurudisha, yaani programu kama Deep Freeze ambayo ukiwasha upya kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Microsoft nao walikuwa na ya bure, SteadyState, wakaiacha mwishoni mwa 2010, na Windows 10 za Enterprise na Education zina kichujio cha kuandika kinachofanya kazi ya kufanana. Gharama yake ipo, mwanafunzi aliyehifadhi zoezi kwenye diski inayorudishwa anakuta hakuna, na masasisho yanafutika usipopanga muda wa kuyaruhusu. Lazima kuwe na flashi au sehemu ya seva ya kuweka kazi, na lazima mtu awaambie kabla sio baada.

Nyumbani ndo pagumu kuliko kote kwa sababu pale suala sio kompyuta. Mtoto wa miaka kumi kumpa akaunti ya kawaida, sina ubishi. Ila laptopu iliyonunuliwa kwa hela ya familia, baba akawa admini peke yake na mama akawekewa akaunti ya kuomba ruhusa kila akitaka kuweka programu ya kikoba, wakati huo huo admini anaweza kuingia kwenye mafaili yake muda wowote, hiyo usiniambie ni usalama. Watu wazima wawili kila mmoja awe na akaunti yake ya kawaida ya kazi za kila siku, na ile ya admini ikae pembeni, paswedi wote wawili wanaijua.

Kwa steshenari ningefanya hivi: wateja kwenye akaunti yao ya kawaida inayofutwa kila jioni pamoja na Downloads, tarehe na programu vibaki vimefungwa, maandishi na mausi na kibodi viachwe, na yule dada anayekaa pale kutwa awe na paswedi ya admini. Kama bosi hamuamini dada kiasi cha kumpa paswedi ya kubadilisha tarehe, na droo ya hela kamuachia, basi hilo wakae waongee wao wawili, gpedit haina sera yake.