Nani Anarudi Kusoma Mita?

Kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Kiwanda, hoteli au jengo la ofisi linalotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka lazima likaguliwe matumizi yake ya nishati kila baada ya miaka mitatu. Kisha mwenye mali anatakiwa, ndani ya miaka mitatu, atekeleze hatua zitakazomletea angalau nusu ya akiba aliyoonyeshwa na mkaguzi. Naipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu imeshika jambo ambalo mipango mingi ya kuokoa nishati hulikwepa: ripoti ya ukaguzi peke yake haijaokoa hata uniti moja.

Ndiyo maana huwa nakereka ninaposoma tathmini za mipango ya aina hii katika Afrika Mashariki. Utaambiwa wahandisi wangapi wamefundishwa, warsha ngapi zimefanyika, kaguzi ngapi zimekamilika. Uganda, na baadaye Kenya, ziligawa balbu za kuokoa umeme kwa mamia ya maelfu, na hesabu ya balbu zenyewe ilitangazwa sana. Mradi wa majengo wa UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ulizihusisha Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, na kuwafundisha wasanifu majengo kupanga madirisha, vivuli na upepo ni kazi njema ambayo siwezi kuibeza. Lakini jengo likishakaliwa na watu, kisha mwaka ukapita, nani anarudi kusoma mita?

Na hata ukirudi, usisome bili ukadhani umesoma mita. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakijidanganya kwa nia njema kabisa. Mteja mkubwa wa umeme Kenya halipii uniti tu. Hulipia pia mahitaji yake ya juu kabisa ya mwezi, yanayopimwa kwa kVA, yaani nguvu yote anayovuta kwa wakati mmoja, na pawa fakta, yaani sehemu ya nguvu hiyo inayofanya kazi kweli, ikishuka chini ya 0.9 anaongezewa tozo. Fundi akimfungia kapasita za kutosha, vifaa vya kupandisha pawa fakta, tozo inaondoka, kVA zinapungua, na bili inashuka mwezi huohuo. Mhasibu anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila uniti zilizotumika ni karibu zilezile. Mota kuukuu zingali zinazunguka, na bomba za mvuke ziko wazi bila kufungwa kizuia joto. Pita karibu na kompresa, mashine ya kushindilia hewa, siku ya Jumapili, mashine zote zimezimwa, utasikia hewa ikivuja kwenye viungo huku kompresa ikiwaka na kuzima kuifidia. Katika viwanda vingi, robo ya hewa hiyo iliyogharimiwa kwa umeme hupotea hivyohivyo. Kuziba mivujo ni kazi ya spana na gasketi, na haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Tathmini inayohesabu shilingi tu itaisifu kapasita na kuisahau spana.

Kuna na suala la uzalishaji. Mwaka 2020 hoteli za pwani zilikaa bila wageni kwa sababu ya korona. Ukilinganisha umeme wao wa mwaka huo na wa 2019, utapata "akiba" kubwa ajabu ambayo haikutokana na mradi wowote. Kwa hiyo hoteli ipimwe kwa uniti kwa kila mgeni aliyelala, na kiwanda kwa uniti kwa kila kilo iliyotoka.

Wenzetu waliothubutu kupima walipata majibu machungu, na wakayachapisha. Mexico, kati ya 2009 na 2012, serikali iliwasaidia watu kubadilisha majokofu na viyoyozi vya zamani. Watafiti Lucas Davis, Alan Fuchs na Paul Gertler wakaenda kwenye rekodi za umeme za kaya zenyewe. Waliobadilisha jokofu walipunguza matumizi kwa takriban asilimia 8, ambayo ni kama robo tu ya ilivyotarajiwa. Waliobadilisha kiyoyozi walitumia umeme mwingi zaidi kuliko awali, maana kifaa kikishakuwa nafuu kukiendesha, mtu hukiacha kikiwaka. Mombasa na Dar es Salaam, viyoyozi vikiongezeka kila mwaka, hilo ni onyo la kuchukuliwa kwa uzito.

Afrika Mashariki tuna kituo cha kanda cha nishati jadidifu na matumizi bora ya nishati, EACREEE, pale Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Ningepewa nafasi ya kukiomba kitu kimoja, ningekiomba kianze na chai. Viwanda vya chai vya Kericho, vya magharibi mwa Uganda, vya Rwanda na vya Burundi hufanya kazi ileile: kunyausha majani kwa feni kubwa, kuyakata, kuyachachusha, kuyakausha kwa joto la boila. Kuni ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya nishati hiyo, na kuni mbichi hula joto kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla hazijakausha jani. Banda la kuanikia kuni linaweza kuokoa kuliko taa mpya za kiwanda kizima, lakini mkaguzi aliyekuja na vifaa vya kupimia umeme tu hataliona.

Sehemu kubwa ya chai ya nchi hizo huuzwa katika mnada mmoja, Mombasa. Dalali anaijua bei ya kila kiwanda, mnada kwa mnada. Basi pembeni ya bei hiyo iwekwe, kila mwaka, kilo za kuni na uniti za umeme zilizotumika kwa kila kilo ya chai, kiwanda kwa kiwanda, kabla ya mradi na miaka miwili baada yake. Mita zipo, na mizani ya kuni ipo langoni.