Acheni kuongezea maji kwenye sabuni ya kunawia

Juzi, kwenye zahanati moja hapa Mwanza, nimemkuta mhudumu anamimina maji ya ndoo kwenye chupa ya sabuni ya kunawia. Akaitikisa mpaka ikatoa povu, akairudisha kwenye sinki. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole: "Sasa kaka, ikiisha watu watanawa na nini?" Sina hasira naye. Hasira yangu ni kwa waliompa dumu moja limfikishe mwisho wa mwezi.

Wengi tunaamini sabuni haiwezi kuwa na vijidudu. Inaweza. Sabuni ya maji hulindwa na vihifadhi vilivyopimwa kiwandani. Ukiichakachua kwa maji, vihifadhi vinaishiwa nguvu, na bakteria kama Pseudomonas, ambao majini ndiko kwao, wanazaliana humo humo. Wanajenga utando kwenye kuta za chupa, na kila unapojazia juu ya mabaki unawalisha upya. Utafiti uliofanyika katika shule moja ya Ohio, Marekani, ukachapishwa 2011, ulionyesha kuwa waliotumia sabuni ya vyombo vya kujazia vilivyochafuka waliondoka na bakteria wa kundi la Gram-hasi, ambamo Pseudomonas yumo, mara 26 zaidi ya waliokuwa nao kabla ya kunawa. Mara 26, na mtu anaondoka akijua mikono yake ni safi!

Hata kiwandani bakteria hawa hupenya. Norway walikuta Pseudomonas kwenye vitambaa vyenye unyevu vya kuwafutia wagonjwa; kufikia Aprili 2022 walikuwa wamehesabu wagonjwa 339 katika hospitali 38. Sasa losheni ya mtoto inayopimwa gulioni kutoka kwenye ndoo isiyo na mfuniko tuisemeje?

Mtu mwenye afya njema pengine hatadhurika, hilo nakubali. Lakini zahanati si ya wenye afya njema. Kuna mama kavuka na kivuko kutoka Ukerewe, ana mshono, na anayemsafisha kidonda katoka kunawa kwenye ile chupa. Kuna kichanga njiti. Hao hawana kinga ya kubahatisha nayo.

Mtasema bei. Sawa, basi nunueni sabuni ya mche, ikatwe vipande vidogo, iwekwe kwenye kisahani chenye matundu ikauke.

TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ndiyo inayosimamia vipodozi tangu 2019, lakini haiwezi kusimama kwenye kila sinki. Maafisa afya wa kata wanaweza. Waanzie wodi za wazazi, wiki hii: chupa ikiisha, ioshwe kwa maji ya moto, ikauke kabisa, ndipo ijazwe sabuni isiyoongezwa maji.