Kabla Hujauliza Tutaendaje Tamashani, Uliza Tutarudije

Kila nikiwaambia wenzangu kwamba tiketi zimepatikana, swali la kwanza huwa lile lile: tunaendaje? Siku hizi nami nina jibu lile lile: tuzungumze kwanza tutarudije.

Nimekwenda kwenye matamasha makubwa kwa gari, kwa treni, kwa basi la kukodi, kwa teksi, kwa pikipiki na kwa miguu. Kufika sijawahi kushindwa. Nimechelewa, nimetoka jasho, nimemkosa msanii wa kufungua jukwaa, lakini nimefika. Usiku umeniharibikia wakati wa kurudi, tena si mara moja, na kila mara chanzo kilikuwa usafiri niliouchagua kwa kuangalia safari ya kwenda peke yake.

Hesabu yake haina ugumu. Wakati wa kwenda, watu huja kidogo kidogo. Wapo wanaojipanga langoni tangu asubuhi ili wasimame mbele kabisa, wapo wanaotoka kazini jioni, wapo wanaoingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza. Umati umegawanyika kwa saa nne, tano, hata zaidi. Kisha taa zinawaka, na watu 50,000 wanageuka kwa pamoja kutafuta mlango. Barabara, kituo cha treni, mtandao wa simu, hata vyoo, vyote vinatakiwa kufanya kwa nusu saa kazi iliyofanywa mchana kutwa. Ndiyo maana namna ya kusafiri iliyokufurahisha saa 11 jioni inaweza kukutoa machozi saa 6 usiku.

Nianze na gari, kwa kuwa ndilo linalokimbiliwa zaidi. Mara ya kwanza nilipokwenda tamashani kwa gari tulikuwa wanne, na binamu yangu ndiye aliyeshika usukani. Tulifika mapema, tukapata nafasi karibu kabisa na lango, na tukajiona wajanja. Tamasha lilipoisha tuliingia garini, tukawasha injini, na hatukusogea. Dakika 40 zikapita, gurudumu halijazunguka. Gari la jirani lilikuwa na mtoto anayelia. Nyuma yetu mtu alipiga honi mfululizo, kana kwamba kuna aliyekuwa na pa kwenda. Tulipofika barabara kuu ilikuwa imeshapita saa 8 usiku, na binamu yangu, aliyekuwa ameimba na kuruka kwa saa tatu, alikuwa anasinzia kwenye usukani. Niliogopa. Mpaka leo nikikumbuka naogopa, kwa sababu tulizoea kusema "tuna gari" kama kwamba ndiyo dawa ya kila kitu, na hakuna aliyewahi kujiuliza hali ya dereva itakuwaje saa hizo.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Njia moja ya barabara kuu ikiwa wazi hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Mlango wa kutokea maegesho, wenye kona, watembea kwa miguu wanaokatiza na barabara iliyokwisha kujaa mbele yake, hupitisha machache zaidi. Tuseme maegesho yana magari 6,000 na njia nne za kutokea, kila njia inatoa magari 600 kwa saa. Gari la mwisho litatoka baada ya saa mbili na nusu, hata kama kila dereva ni mstaarabu na hakuna askari aliyekosea. Nafasi niliyoiona ya bahati, ile ya karibu na lango, mara nyingi ndiyo iliyo ndani zaidi kwenye hiyo foleni.

Historia ina mfano mkubwa kuliko wangu. Agosti 1969, barabara za kuelekea Bethel, jimbo la New York, ziliziba kabisa kwa magari ya watu waliokuwa wakienda kwenye tamasha la muziki la Woodstock. Watu waliacha magari kando ya barabara wakatembea. Wanamuziki nao walikwama, ikabidi baadhi yao waletwe kwa helikopta, na mwimbaji Richie Havens akapanda jukwaani wa kwanza kwa sababu wengine walikuwa hawajafika. Tangu hapo zimepita zaidi ya miaka 50, na bado tunakwenda mmoja mmoja kwenye gari la watu watano.

Sisemi gari lifutwe. Mwenye mtoto mdogo, mzee, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au anayetoka mji usio na treni usiku, gari linaweza kuwa njia pekee ya kiungwana. Ila litumiwe kwa akili: liegeshwe kilomita mbili hivi kutoka uwanjani, upande unaoelekea nyumbani, likiwa limegeuzwa tayari kutoka. Dakika 25 za kutembea zinaokoa saa mbili za kukaa. Na dereva ajulikane tangu mwanzo. Asinywe hata tone, na mchana wake apumzike. Hilo halina mjadala kwangu.

Treni ndiyo ninayoitetea zaidi, kwa sababu ndiyo peke yake inayolingana na ukubwa wa umati. Uwanja wa Wembley jijini London una viti 90,000, na sehemu kubwa ya watu hao hutembea moja kwa moja kuelekea kituo cha Wembley Park. Askari na wahudumu huwazuia njiani na kuwaachilia kwa mafungu, ili jukwaa la kituo lisifurike. Ukiwa ndani ya foleni hiyo unaweza kudhani umekwama, lakini unasogea, na kusogea ni nusu ya faraja. Jaribu kuwaza watu hao hao wakiwa ndani ya magari.

Hata hivyo treni haifanyi miujiza. Februari 2014 Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ilichezwa kwenye uwanja wa MetLife, New Jersey. Maegesho yalipunguzwa kwa sababu za usalama, watu wakahimizwa kupanda treni, na waliopanda wakazidi 30,000, wengi kuliko waliotarajiwa. Mechi ilipoisha foleni ikawa ya saa kadhaa, mpaka matangazo yakawaomba watu wabaki ndani ya uwanja kwanza. Ilikuwa mpira na si muziki, lakini umati ni umati. Treni inafaa pale tu wenye treni wanapojua idadi kamili ya watu wanaokuja na kuongeza mabehewa kulingana nayo.

Lipo pia suala la treni ya mwisho, na hili linaniuma. Wakati mmoja niliondoka nyimbo mbili kabla ya mwisho ili niiwahi. Nilitembea kwa haraka gizani nikiusikia nyuma yangu wimbo ambao ndio ulionifanya ninunue tiketi. Umati mzima ulikuwa unauimba, na mimi nilikuwa natazama saa. Treni niliiwahi. Wimbo ule sijausikia ukiimbwa jukwaani mpaka leo.

Ndiyo maana nilifurahi sana Agosti 2023 niliposoma habari za tamasha la Beyoncé karibu na Washington. Hali mbaya ya hewa ilichelewesha kuanza, na ikaonekana wazi kwamba watu wangetoka treni zikiwa zimekwisha. Huduma ya metro, yaani treni za mji, ikarefushwa kwa saa moja, na gharama yake, dola 100,000, ikalipwa na upande wa ziara yenyewe. Kwa tamasha la ukubwa ule hizo si fedha nyingi. Zilinunua utulivu wa maelfu ya watu waliobaki mpaka wimbo wa mwisho bila kutazama saa.

Basi la kukodi lina sifa ambayo huwa haitajwi: linakujua. Mlipanda 48 kwenda, lazima mrudi 48, na dereva hakuwepo tamashani kwa hiyo hajachoka kwa kuruka. Kwa wanaotoka mji mwingine sioni chaguo bora kuliko hili. Udhaifu wake ni kwamba linaondoka kwa mwendo wa abiria wake mzembe kuliko wote. Tuliwahi kusubiri karibu saa nzima watu wawili waliokuwa wamesimama kwenye basi lisilo letu, kwa sababu mabasi yalikuwa zaidi ya 30, yote meupe, yote yamewasha taa. Tangu siku hiyo napiga picha namba ya basi na kitu kilicho jirani nalo kabla sijaondoka, na mkuu wa msafara akisahau, mimi ndiye ninayemkumbusha awaambie wote saa ya kuondoka, tena kwa sauti.

Teksi ya kuitwa kwa simu ni nzuri sana wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, pale pale langoni, ni kujitesa. Watu maelfu wanaita kwa wakati mmoja, nauli inapanda mara mbili au tatu, mtandao umezidiwa, na dereva aliyekubali anakupigia akiwa upande wa pili wa kizuizi cha polisi. Yeye anazunguka, wewe unazunguka, mwisho anaghairi. Simlaumu, maana kila dakika anayokutafuta anachoma mafuta bure. Ukitaka teksi, ondoka kwanza kwenye kundi. Tembea dakika 20 au 30 kwenye barabara yenye taa mpaka mahali penye jina linaloeleweka, hoteli, hospitali au kituo cha mafuta, kisha ndipo uite. Au fanya kinyume chake: keti, kunywa maji, subiri saa moja. Nauli hushuka kadiri watu wanavyopungua. Na usiku huo usikimbilie gari lolote linalosimama mbele yako. Linganisha namba, mwache dereva akutajie jina lako yeye mwenyewe, na mtumie mtu wa nyumbani taarifa za safari. Dada zangu wanalijua hili kuliko mimi.

Pikipiki inapenya, hakuna ubishi. Lakini usiku wa tamasha, kwenye barabara iliyojaa madereva waliochoka na wengine waliolewa, siipandi bila kofia ngumu inayonikaa vizuri, na siipandi kama mwendeshaji anaonekana amekesha.

Miguu, kwa upande wake, inadharauliwa bila sababu. Mtu wa kawaida hutembea kilomita nne mpaka tano kwa saa. Ikiwa unalala kilomita nne kutoka uwanjani, utafika kitandani ndani ya saa moja, wakati wenye magari hawajaliona lango la kutokea. Kwa nini basi tunachagua pa kulala kwa kuangalia katikati ya mji badala ya kuangalia uwanja? Tena barabara ya usiku baada ya tamasha ina raha yake. Watu msiofahamiana mnatembea pamoja, mmoja anaanzisha ubeti, mwingine anaupokea, na kwa muda kidogo tamasha linaendelea bila vipaza sauti. Masharti ni mawili: viatu vya kutembea, na msitembee peke yenu kwenye njia msizozijua. Baiskeli nayo ingefaa sana kama viwanja vingeweka mahali pa kuilinda, lakini vingi havijaweka.

Hapo ndipo ninapowageukia waandaaji, kwa kuwa naona mzigo huu tumeachiwa sisi mashabiki bila haki. Anayeuza tiketi anajua idadi ya watu miezi kabla. Anajua saa ya kufunga. Anaweza kuzungumza na wenye treni na mabasi, na sisi hatuwezi. Nchini Ujerumani ni jambo la kawaida tiketi ya tamasha kuwa pia tiketi ya basi na treni za mji kwa siku hiyo, na nauli imo ndani ya bei. Mwaka 2024 kundi la Massive Attack lilifanya tamasha Bristol, Uingereza, likapanga treni za ziada za kuwarudisha watu na mabasi ya umeme ya bure ya kuwapeleka kituoni, kwa sababu safari za mashabiki ni sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa unaotokana na muziki wa jukwaani. Sisi tukifungua tiketi zetu tunaona mpangilio wa viti, aina ya mikoba inayoruhusiwa na picha ya msanii. Juu ya kurudi nyumbani hakuna hata mstari mmoja. Ningelipa nyongeza kwa furaha ili mstari huo uwepo, nami nimeanza kuwaandikia waandaaji kila ninaponunua tiketi, nikiwauliza swali moja tu: treni ya mwisho ni saa ngapi, na tamasha lenu linaisha saa ngapi? Wawili wamenijibu. Nitaendelea kuandika.

Tamasha linalofuata nakwenda na mdogo wangu wa kike, na ni mara yake ya kwanza. Tutakwenda kwa treni. Kurudi tutatembea dakika 30 mpaka kituo cha pili, kwa sababu cha kwanza kitafurika, na tukikosa treni, mbele ya kituo hicho hicho magari hufika bila kizuizi. Nimemwandikia haya yote kwenye kipande cha karatasi, pamoja na namba yangu ya simu na mahali pa kukutana tukipotezana: nguzo ya taa iliyo kushoto ukitoka lango la mashariki. Aliniuliza karatasi ya nini wakati ana simu. Nikamwomba aitie tu mfukoni.