Zahanati Imekamilika, Nesi Anaishi Mjini

Ukitaka kujua kama zahanati ya kijijini inafanya kazi, usihesabu vyumba. Uliza nesi analala wapi.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) uanze Tanzania mwaka 2007, lengo likiwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, wananchi wamejitolea kwelikweli. Wamesomba mchanga na mawe, kina mama wamebeba maji kichwani, boma likapanda hadi lenta, halmashauri ikapaua. Sibezi kazi hiyo. Ila nyumba ya mtumishi kwa kawaida huwekwa "awamu ya pili", na awamu ya pili tunaijua wenyewe.

Ipo zahanati ninayoifahamu vizuri. Rangi bado inang'aa, mlango una grili, na ukutani kuna jiwe lenye jina la mgeni rasmi. Nesi amepanga chumba mji mdogo na huja kwa bodaboda kwa nauli yake mwenyewe. Saa tisa na nusu alasiri, kufuli. Mama akishikwa na uchungu usiku wa manane anapitishwa mbele ya jengo hilohilo alilolichangia mchanga, amebanwa katikati ya dereva na wifi yake, beseni la glavu, pamba na wembe limefungwa kwa khanga. Kisera, mjamzito anatibiwa bure. Nauli ya bodaboda usiku haimo kwenye sera hiyo.

Kijijini wanamwita nesi mtoro. Mimi simlaumu. Ni binti aliyetoka chuoni juzi, kapangiwa kituo kisicho na maji wala chumba cha kupanga chenye mlango unaofungika, na mara nyingi yuko peke yake: apime wajawazito, achanje watoto, agawe dawa, ajaze rejista zote zile. Tungekuwa sisi, barua ya uhamisho tungeiandika mapema zaidi.

Bima ya Afya kwa Wote, ambayo Bunge lilipitisha sheria yake mwaka 2023, naiunga mkono. Lakini kadi inamsaidia mgonjwa aliyemkuta mtu wa kumpokea.

Tunajua kwamba pesa ikielekezwa kwa watu, mambo huenda. Mfumo wa m-mama, wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, ni mfano: unapiga 115 bure, gari la wagonjwa lisipopatikana anatumwa dereva wa hapohapo kwenye jamii, naye analipwa kwa simu. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022. Sababu ni nyingi, m-mama ni mojawapo tu, na huo ni wastani wa taifa, wa mjini na wa porini kwa pamoja.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya halmashauri, boma la zahanati lisingepauliwa kabla ya nyumba ya watumishi wa familia mbili, yenye tanki la maji na sola. Wapo watakaosema tunachelewesha maendeleo. Sawa, tucheleweshe mwaka mmoja. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Diwani akihudhuria, aulizwe nyumba hiyo imetengewa shilingi ngapi, na mtendaji aliandike jibu lake kwenye muhtasari.