Kijivu kimetutosha

Nitajie nyumba yoyote iliyohamiwa mwaka jana au juzi kule Goba, Madale au Kibada, pembezoni mwa Dar es Salaam, nikueleze sebule yake kabla sijavua viatu. Kuta za kijivu. Dari ya jipsamu yenye taa za ukanda pembeni. Marumaru nyeupe zinazong'aa, kochi la kijivu kilichokolea kidogo kuliko cha ukutani, pazia la kijivu lenye vinyuzi vya rangi ya fedha, na nyuma ya televisheni kitu kimebandikwa kinachojifanya jiwe la Italia. Mwenyewe atakwambia ni ya kisasa. Mimi nikikaa humo najiona kama nasubiri kuitwa maabara kuchukua majibu.

Kijivu chenyewe sina ugomvi nacho. Ninachogombana nacho ni kukipokea bila kukiuliza kimetoka wapi na huko kilikuwa na kazi gani. Kilitamba Ulaya na Marekani miaka ya 2010. Mwaka 2021 Pantone, kampuni ya Marekani ambayo hutangaza "rangi ya mwaka", ikakitawaza kijivu pamoja na njano, wakati wenzetu wengi walishaanza kukichoka. Mwaka 2025 ikaja Mocha Mousse, yaani kahawia ya kahawa iliyotiwa maziwa. Mwaka 2026 wakaleta Cloud Dancer, ambayo ukiivua jina ni nyeupe. Nyeupe! Kuna mabibi huku pwani wanapaka chokaa kila Idi inapokaribia na hawajawahi kusubiri tangazo la mtu. Biashara hasa ya Pantone ni vitabu vya sampuli za rangi kwa wabunifu na viwanda, kwa hiyo lazima kila mwaka wawe na la kusema. Wewe mwenye ndoo moja ya lita 20 na fundi wa siku mbili hulazimiki.

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo penye kesi yenyewe. Stockholm mwezi Desemba mchana ni kama saa sita tu, na jua likitoka linapita chini chini. Mtu wa kule akipaka kuta nyeupe au kijivu chepesi ana sababu: anataka kila chembe ya mwanga igonge ukuta imrudie. Dar es Salaam tuna mchana wa takribani saa 12 mwaka mzima, jua liko utosini, na ua tumeutandika vitofali vinavyorudisha mwanga hadi ndani. Sisi shida yetu ni kupunguza mng'ao. Halafu kuta nyeupe, sakafu nyeupe, dari nyeupe, mtu unakaa sebuleni kwako umekunja uso.

Usiku ndiyo balaa zaidi. Chukua boksi la balbu uliyonunua dukani utazame namba yenye herufi K mwishoni. Nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni 6500K, mwanga mweupe unaoelekea bluu. Kijivu kingi nacho kina bluu ndani yake, hata kama kwenye kopo huioni. Vikikutana hivyo viwili saa moja jioni, ukuta unapoa, sura za wageni zinapauka, hata pilau inaonekana imelala. Watu wanalaumu rangi, wanamwita fundi arudie, kumbe wangebadilisha balbu wakaweka ya 3000K, yenye mwanga wa njano, wangeokoa pesa nyingi. Nimeshamshauri jirani hivyo. Alinijibu kwamba taa ya njano ni ya kishamba.

Najua nitaambiwa: mbona nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe ni nyeupe ndani? Ni kweli, na sababu yake inaonekana ukiingia. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba ni vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine, na mwanga unaingia kutoka ua mdogo wa kati. Ukifika ndani kabisa kuna giza. Ile chokaa na zile zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, zilikuwa zinauvuta mwanga mdogo uliopo na kuusambaza. Tena chokaa si weupe mkavu wa ndoo ya dukani. Ina chembechembe, mkono wa fundi unaonekana, na inauacha ukuta wa matumbawe upumue. Weupe ule ulikuwa na kazi. Wetu wa sasa umefuata picha ya kwenye simu, na picha yenyewe imeshachezewa mwanga kabla haijakufikia.

Kuna kitu kingine tulichokicheka tukakitupa: ukuta wa rangi mbili. Chini, kiasi cha mita moja kutoka sakafuni, rangi ya mafuta: ugoro, damu ya mzee au kijani cha jani la mgomba. Juu rangi ya maji, krimu. Tukasema hiyo ni ya shule na ofisi za serikali. Lakini fikiria kule inakotakiwa. Kiganja cha mtoto kinaishia wapi? Mpira unagonga wapi? Dekio linarusha maji wapi? Yote ni chini ya ile mita moja, na rangi ya mafuta unaipitishia kitambaa chenye sabuni mambo yanaisha. Kwa aliye Iringa au Moshi, ambako vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, mimi ningesema asiwaze kitu kingine. Sasa hivi majarida ya Ulaya yanauonyesha ukuta huohuo wa rangi mbili kama jambo jipya, kwa hiyo nadhani baada ya miaka mitano hivi utarudi Goba na tutaulipia ghali.

Mafundi siwalaumu sana. Fundi akikwambia, "Dada, hii ndiyo inayotoka siku hizi," anakurudishia ulichomwonyesha. Ila usimruhusu achanganye kwa macho ndani ya ndoo. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza, na mstari utauona kila ukikaa kwenye kochi. Nenda duka lenye mashine ya kuchanganya rangi, nunua kopo dogo kwanza. Paka kipande cha ukubwa wa leso ya khanga kwenye kuta mbili, mikono miwili (yaani upake mara mbili), uache kikauke, maana rangi ya maji ikikauka mara nyingi hukolea. Kitazame asubuhi, kitazame saa kumi jioni, kitazame usiku taa ikiwaka. Ukiridhika, nunua yote kwa mkupuo mmoja na uitunze ile karatasi ya namba za mchanganyiko.

Na kama plasta ni mbichi, subiri. Ipe walau siku 28. Ukuta ukianza kutoa chumvi, rangi iliyokolea itakutangazia kwa mabaka meupe, na hapo si kijivu wala damu ya mzee itakayokuokoa.

Wapangaji najua hamna la kusema, mwenye nyumba ameshapaka krimu yake na mkataba unakataza hata msumari. Kwenu rangi iwekeni kwenye kitambaa: mito ya kitenge, pazia la khanga, na mkeka wa ukindu wenye zambarau na kijani chini ya meza. Kodi ikiisha unaukunja unaondoka nao.